Kisu Shingoni: Kinavalika au Hakivaliki?

Mhariri wetu aliniomba niandike juu ya utafiti wangu, ambao unahusu uchovu wa metali, nami nikamjibu kwamba makala hiyo itawachosha wasomaji kabla haijaichosha metali. Kwa hiyo nimeomba ruhusa niandike jambo jingine. Tangu tuliporudi kutoka kambi yetu ya Edale, watu watatu wameniuliza nimekinunua wapi kile kisu kidogo nilichokuwa nimekivaa shingoni. Mmoja alikwishafungua mtandao, anataka kuagiza. Basi kabla sijasema kinauzwa wapi, naomba mnisikilize, maana mwenzenu kilinipata kitu.

Kwa ambao hawakuja Edale, kisu chenyewe ni hiki. Hakikunjwi. Makali yake ni kama sentimita 6, mpini ni mfupi wa kushikwa na vidole vitatu, na kinakaa katika ala ya plastiki ngumu inayoning'inia kifuani kwa kamba. Kinaning'inia kichwa chini, yaani mpini unaelekea tumboni na ncha inaelekea kidevuni. Nilikipima kwenye mizani ya maabara, pamoja na ala ni gramu 85, pungufu ya simu yako. Watu wa Skandinavia wanavitumia sana porini; kiwanda cha Morakniv cha Sweden kinatengeneza kimoja kiitwacho Eldris, chenye makali ya milimita 59.

Nilikinunua kwa sababu moja tu. Ukivaa begi kubwa la mgongoni lenye mkanda wa kiunoni, mifuko ya suruali inazibika na mkanda wako wa suruali hauonekani. Kisu kikiwa begini, kila ukitaka kukata kamba au kufungua pakiti ya tambi inabidi ushushe mzigo wote. Kikiwa kifuani, mkono mmoja unatosha. Kwa hilo sikukosea. Siku tatu pale Edale kilikata soseji, kilikata kamba za hema, kilimenya machungwa, na wapishi wetu waliniazima kila dakika hadi nikaanza kudai kodi.

Tena kuna suala la mazoea. Mimi ni mtu wa Muheza. Kwetu kisu ni kitu cha kawaida mkononi mwa mtu, hasa msimu wa machungwa. Kijana anakaa kando ya barabara na beseni lake, anamenya moja baada ya jingine ganda likitoka refu kama utepe, na hakuna anayemtazama mara mbili. Mtu akipita na panga unamwamkia, unamuuliza habari za shamba. Halafu nimekuja kusoma Sheffield, mji ambao visu ndiyo historia yake. Chama cha mafundi visu cha hapa kilianzishwa kwa sheria mwaka 1624, na ni katika maabara za mji huuhuu Harry Brearley alipopata chuma chake kisichoshika kutu mwaka 1913. Nikajiona kama niko nyumbani.

Jumatatu asubuhi baada ya kambi, saa tatu kasoro, nilikuwa karakana nimeinamia mashine ya kukerezea, nafunga fimbo ya chuma nitengeneze vipande vya majaribio. Sijaiwasha bado. Mara nikahisi mkono begani. Ni fundi mkuu wa karakana, mzee wa Kiingereza ambaye sote tunamwogopa kidogo.

"Hicho shingoni ni nini?"

Nikashika kifua. Jamani, kisu! Nilikuwa nimekizoea kama saa ya mkononi. Jumapili usiku nimelala nacho, asubuhi nikakivua kuoga, nikakirudisha bila kufikiri, nikavaa sweta juu yake. Sasa nilipoinama kilikuwa kimechomoka kwenye ukosi, kinabembea juu ya mashine.

Mzee hakupiga kelele. Alinionyesha ile fimbo. "Piga hesabu," akasema, "wewe ni mhandisi." Nami nikapiga, na nitawapigia nanyi. Fimbo ina kipenyo cha milimita 50, kwa hiyo mzingo wake ni milimita 157 hivi. Mashine ningeiwasha kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, yaani karibu mizunguko 17 kwa sekunde. Kamba yangu iliyoning'inia ilikuwa na urefu wa kama sentimita 45. Ikinaswa, mizunguko 3 tu inaimaliza yote, na mizunguko 3 inachukua chini ya sehemu moja ya tano ya sekunde. Binadamu kushtuka na kuanza kusogeza mkono kunamchukua kama robo sekunde. Maana yake, uso ungekuwa umefika kwenye chuma kabla ubongo haujajua kuna jambo.

Nikavua. Nikadhani yameisha. Mzee akaniuliza swali la pili, "Leo umekuja kwa basi au kwa tramu?"

"Kwa tramu."

Akatikisa kichwa. "Basi umebahatika mara mbili kabla ya saa tatu."

Hiyo bahati ya pili sikuielewa siku ile. Nitaifikia. Kwanza nimalize mambo ya chuma na kamba, maana huko ndiko ninakoweza kusema bila kubabaisha.

Hatari ya kwanza watu wanayoifikiria ni makali. Sivyo. Makali yako ndani ya ala, hatari ya kwanza ni kamba. Visu vingi hivi vinakuja na kamba ya parashuti, ile nyembamba ya nailoni iliyosokotwa. Aina inayouzwa zaidi inaitwa 550 kwa sababu imekadiriwa kubeba ratili 550, ambazo ni kama kilo 250. Fikiri maana yake. Mimi nina kilo 74. Kamba ile inaweza kutubeba watatu kama mimi isikatike. Sasa ikinasa kwenye tawi unapoteleza bondeni, au kwenye kitasa cha mlango, au mtoto akaivuta, au ikajizungusha usingizini, kitakachoachia si kamba. Ni shingo.

Katika umeme tuna fyuzi, kijiwaya dhaifu kinachokubali kufa ili nyumba isiungue. Kitu chochote cha shingoni kinahitaji fyuzi yake. Ndiyo maana vitambulisho vya kazini vya hapa vingi vina kifungo cha plastiki kisogoni, ukivuta kinaachia. Kwa kisu, njia rahisi ni ile cheni ya goroli ndogondogo kama ya kizibo cha sinki. Mimi nilinunua ya milimita 2.4, nikaifunga kwenye bomba la bafuni, nikaning'iniza ndoo na kuongeza maji lita moja moja. Lita ya 11 haikumalizika kumiminwa, cheni ikaachia pale kwenye kiungio, na mwenye nyumba akapanda kuuliza kulikoni. Kilo 11 zinauma shingoni, sikatai, lakini hazinyongi mtu mzima anayeanguka, na uzito wa kisu chenyewe cheni haiuhisi kabisa. Kama hupendi cheni, kata kamba yako kisogoni na uiunge kwa uzi wa kushonea. Uzi wa cherehani, siyo wa viatu!

Hatari ya pili ni ala. Kwa kuwa kisu kiko kichwa chini, kinachokizuia kisidondoke ni msuguano peke yake. Plastiki ya Kydex inapashwa moto, inakandamizwa juu ya kisu, ikipoa inashika umbo lake na kukibana. Ikiwa nzuri unasikia mlio mdogo kinapoingia. Lakini kila unapochomoa na kurudisha, plastiki inalika kidogo, na mchanga ukiingia inalika haraka. Sasa ukikimbia au ukiruka mfereji, mshtuko wa mguu unaweza kukifanya kisu cha gramu 60 kivute kama cha gramu 180 au zaidi. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: funga mfuko wa sukari wa kilo moja kwenye mpini, ining'inize ala. Kisu kikitoka, ala hiyo iache nyumbani. Ukikosa mfuko wa sukari, ushike juu ya godoro uutikise kwa nguvu, lakini miguu iwe mbali. Ala za ngozi mimi sizipendi kwa shingoni. Zinakunywa jasho, zinalainika, na chuma cha kaboni ndani yake kinapata kutu ya madoadoa wiki hiyohiyo. Hata kile "kisichoshika kutu" kinashika, kwa taarifa yenu, jasho la chumvi likikaa siku nyingi. Kromiamu yake, ambayo ni asilimia 10.5 au zaidi, inapunguza tu.

Ya tatu ndiyo iliyonitisha mimi mwenyewe, na sikuwahi kuiona imeandikwa kwenye karatasi iliyokuja na kisu. Kuchomoa ni rahisi, unavuta chini, ncha inatoka ikielekea mbali na wewe ukijua kuikunja mkono. Kurudisha ndiko kwenye mambo. Jaribu kwa kalamu sasa hivi. Ishike kifuani, ncha juu, halafu isukume kuelekea kidevuni hadi iingie kwenye tundu usiloliona, maana ukiinamisha kichwa kutazama, kidevu chenyewe ndicho kinachoziba. Unasukuma chuma chenye ncha kuelekea koo, kwa nguvu ya kushinda msuguano tuliousifu hapo juu, kwa kupapasa. Kikikosa mdomo wa ala kwa nusu sentimita, kinaelekea wapi? Pale Edale nilifanya hivyo pengine mara 50, mikono ina mafuta ya soseji.

Dawa yake ni ya kishamba lakini ndiyo pekee ninayoikubali: vua kwanza. Pitisha kamba juu ya kichwa, shika ala mkono wa kushoto mbele yako, rudisha kisu ukikitazama, ndipo uvae tena. Mtu atasema, sasa faida yake iko wapi kama kila mara navua? Ni kweli, nusu ya faida imeondoka. Ukiongeza kwamba ukianguka kifudifudi juu ya jiwe, ule mpini unakaa katikati ya jiwe na mfupa wa kidari, faida inazidi kupungua. Waturkana wa Kenya, ambao wamevaa kisu cha duara kwenye kifundo cha mkono tangu zamani, wanafunika makali yake yote kwa ukanda wa ngozi na kuufunua wanapokata tu. Na kiko mahali ambapo macho yanakiona. Masai anafunga sime kiunoni. Mwomani anavaa jambia yake mbele ya tumbo. Wote hao wameweka ncha mbali na koo, na sidhani ni kwa bahati.

Haya, turudi kwenye tramu.

Uingereza na Wales kuna sheria ya mwaka 1988, kifungu cha 139, inayosema ni kosa kuwa na kitu chenye makali au ncha kali mahali pa umma bila sababu nzuri. Barabara, tramu, duka, bustani, stesheni, kote ni mahali pa umma. Kilichosamehewa ni kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Tunasikia "inchi 3" tunapima kisu cha shingoni, tunakuta inchi 2 na nusu, tunafurahi. Lakini msamaha ni wa kisu kinachokunjwa tu. Tena mwaka 1993 mahakama iliamua kwamba kile cha kukunja chenye kabari ya kukizuia kisijifunge nacho hakimo katika msamaha. Kisu kisichokunjwa, hata kiwe na makali ya sentimita 2, kinahitaji sababu, na mzigo wa kuithibitisha sababu ni wako wewe uliyekivaa. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 4. Scotland wana sheria yao, nayo haina huruma zaidi.

Kwa hiyo mimi Ijumaa nikielekea kambini, kisu kikiwa ndani ya begi pamoja na hema na sufuria, nilikuwa na la kusema. Jumatatu ndani ya tramu, kisu kilekile, mtu yuleyule, sikuwa na la kusema. "Nilisahau" peke yake mahakama hazikubali kuwa ni sababu nzuri. Tena kilikuwa kimefichwa chini ya sweta! Nani angeamini?

Na vile vinavyotengenezwa vionekane kama kitu kingine, kalamu, kitana, ufunguo au rangi ya mdomo, hivyo usiguse kabisa. Tangu mwaka 2021 hata kukaa navyo chumbani kwako ni kosa.

Katika kikao chetu cha mwisho mwenzetu mmoja mwenye asili ya Muscat aliuliza, mbona Mskochi anachomeka kisu kwenye soksi, na Masingasinga wanavaa kirpan, wengine kidogo kabisa shingoni? Swali zuri. Sheria yenyewe inataja sababu za dini, vazi la taifa, na kazi. Jambia juu ya kanzu harusini inaweza kuingia humo, na sime juu ya shuka pia. Lakini kisu cha plastiki nyeusi kilichonunuliwa kwenye mtandao, chini ya sweta ya chuo, ni vazi la taifa gani?

Sasa kisa chenyewe. Kijana mmoja wa kwetu, si wa chuo hiki, ameniruhusu nisimulie bila jina wala mji. Alikuwa akifanya kazi ghala usiku, mwisho wa wiki, kufungua makasha. Akanunua kisu kama changu, kwa sababu kilekile cha mkono mmoja. Alfajiri moja anarudi, stesheni kuna polisi na lile lango la kupima chuma. Likalia. Akaulizwa, unacho nini, na kwa nini umekibeba?

Alikuwa na jibu la kweli, natoka kazini, nafungulia makasha, na huenda lingemfaa. Lakini aliogopa. Akatafuta jibu la heshima, jibu la mtu mwema asiye na nia mbaya kwa yeyote, na kwa akili ya kwetu akaona lililo salama kuliko yote ni kusema, "Ni kwa usalama wangu tu, narudi usiku." Kwetu "najilinda" ni neno la mtu mpole. Hapa ndilo neno baya kuliko yote. Mtu aliyebeba kisu ili ajilinde amekiri kwamba amekibeba kama silaha ya kutumia dhidi ya mtu, na sheria ya hapa haiipokei kama sababu. Askari aliandika sentensi ile neno kwa neno. Habari za makasha zilikuja baadaye, kituoni, na zilionekana kama hadithi ya kutungwa.

Hakufungwa. Alipewa adhabu ya kazi za jamii bila malipo, akazimaliza. Lakini kila fomu ya viza ina lile swali la kama umewahi kutiwa hatiani, na kila mara anajaza ndiyo, na kila mara anaandika ukurasa mzima wa maelezo. Mgeni anayepewa kifungo cha miezi 12 au zaidi, kwa sheria ya mwaka 2007, anaingia moja kwa moja katika utaratibu wa kufukuzwa nchini. Baba yake mpaka leo hajaambiwa.

Najua mtasema, sisi weusi tunasimamishwa zaidi. Ni kweli, na takwimu za serikali yenyewe zimeonyesha hivyo mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana naandika. Ukisimamishwa na unacho, usiingize mkono kifuani kukitoa umwonyeshe, hata kwa nia njema, nakuomba sana! Mikono ibaki wazi, mwambie kwa mdomo kilipo, akitoe mwenyewe. Akiuliza kwa nini, sema ukweli wako wa kwanza, mfupi, usipambe. Una haki ya kuuliza sababu ya kupekuliwa na kituo anachotoka, na kuomba nakala ya kumbukumbu ya upekuzi ndani ya miezi 3. Ukipelekwa kituoni, wakili wa pale ni bure kwa kila mtu, tajiri au maskini, raia au mgeni. Mwombe kabla ya kujibu swali lolote, usione haya kwamba unaonekana una hatia.

Kisu changu sasa kiko kwenye droo ya jikoni, kimevuliwa kamba, na kwa kweli ni kisu kizuri cha machungwa. Kambi ijayo nitakichukua, lakini kitasafiri ndani ya sanduku la vyombo pamoja na visu vingine, kitavaliwa tukishapiga hema na kuvuliwa kabla ya kulala, na Jumapili jioni mweka hazina atavihesabu vyote kabla hatujapanda treni, amekwishakubali. Cheni ya goroli nilinunua mita 3 na imebaki kama 2. Anayetaka kipande kwa ajili ya kitambulisho, ufunguo au filimbi yake, anione Jumatano baada ya kikao. Ndoo nitakuja nayo.